Sanaa au dini: swali lako ulipeleke mlango upi?

Nimesahihisha insha nyingi zinazouliza kama sanaa na dini ni njia za kujua, na nyingi hufa kwenye aya ya kwanza. Mwandishi anatangaza kwamba sayansi ina ushahidi, sanaa ina hisia, dini ina imani. Kurasa zinazofuata ni kuyapaka rangi maneno hayohayo. Ukishasema hivyo huna cha kulinganisha tena. Umezitupa zote mbili kwenye kapu la mambo yasiyothibitika, ukafunika.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa watu wawili. Mmoja ni mwanafunzi anayetakiwa kuchagua uwanja mmoja wa kuuchimba. Mwingine ni mtu aliyebeba swali la kweli, labda la kifo, labda la hatia, na hajui pa kulipeleka. Msimamo wangu nautoa mapema: sanaa na dini mara nyingi humwonyesha mtu jambo lilelile. Zinaachana pale anapokwisha kuliona. Moja inamwachia aende zake. Nyingine inamshika mkono na kumuuliza, sasa je?

Kujua kwa kuonja

Kiswahili kina tofauti ndogo inayobeba mzigo mkubwa hapa. Naweza kujua kwamba mtu fulani ana miaka sitini, ni fundi, hapendi kelele, na bado simjui. Ujuzi wa kwanza unabebwa na sentensi na unaweza kutumwa kwa barua. Wa pili unataka mkutane. Sanaa na dini, kila moja kwa namna yake, hudai kutoa huo wa pili.

Sijaona aliyelieleza jambo hili kumshinda Imam Ghazali (1058–1111). Alikuwa mwalimu wa chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad, mtu wa hoja hasa, mpaka mwaka 1095 ulimi ukamgomea mbele ya wanafunzi. Akaacha cheo, akaondoka mjini. Katika masimulizi aliyoyaandika baadaye anatofautisha kati ya kujua afya ni nini, pamoja na sababu na masharti yake, na kuwa na afya. Kati ya kujua ulevi ni nini na kulewa. Mlevi hajui tafsiri ya ulevi hata kidogo, na amelewa. Tabibu aliye mgonjwa anaijua afya sawasawa, na hana. Neno lake kwa ujuzi huo wa pili ni dhawq: kuonja.

Wapenzi wa muziki wataitikia mara moja. Unaweza kusomewa uchambuzi mzima wa wimbo, ala zake, mapigo yake, mahali sauti inapopanda, na usiujue wimbo mpaka uusikie. Mwanasaikolojia wa Marekani William James, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1902, alitaja alama nne za hali nzito za kiroho: hazisimuliki, humwachia mtu hakika kwamba amejua kitu, hazidumu, na humjia mtu bila yeye kuzishika usukani. Ondoa neno "kiroho" hapo, na ungesema anamweleza mtu aliyetoka kusikiliza muziki uliomzidi nguvu.

Lakini rudi kwa Ghazali. Hakuishia kusema "onja uone". Alikaa takriban miaka 11 mbali na ualimu, akijinyima na kuusafisha moyo, kwa kuwa aliamini mwonjaji asiyebadilika hataionja ladha yenyewe. Mlangoni mwa ukumbi wa muziki hakuna anayekudai hayo. Mhuni na mcha Mungu wanakaa viti vilivyopakana, na wote wawili wanaweza kutoka wanafuta machozi.

Ukisema kwa maneno mengine

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: chukua kile unachodai umekijua, ukiseme kwa maneno mengine. Kikibaki kizima, hukuhitaji sanaa wala dini; taarifa fupi ingetosha.

Kwa shairi jibu halina ubishi. Ukisema shairi la mapenzi lilikuwa na maana ya "nakukumbuka", unabaki na "nakukumbuka", shairi limeshaondoka. Kwa dini mambo hayako sawa kote, na hapo ndipo panaponoga. Waislamu hushikilia kwamba Kurani ni Kurani katika Kiarabu chake. Kilicho katika lugha nyingine ni tafsiri ya maana zake. Kitabu chenyewe kinawatupia changamoto wenye shaka walete sura moja mfano wake (2:23), na wanazuoni wakajenga juu ya changamoto hiyo elimu nzima ya i'jaz, yaani namna Kurani inavyowashinda wanadamu kuiiga. Abd al-Qahir al-Jurjani, katika karne ya 11, alisema nguvu hiyo imo katika nadhm, jinsi maneno yalivyopangwa yakashikana. Neno moja moja halina, na maana iliyovuliwa maneno yake haina. Hoja hiyo mhakiki yeyote wa ushairi angeitia saini. Uzuri wa lugha umegeuka ushahidi wa chanzo cha lugha hiyo.

Na bado Kurani hiyohiyo inakana kwamba Mtume alifundishwa ushairi (36:69). Kwa nini ikane kwa mkazo hivyo, kama uzuri ni sehemu ya hoja yake? Nadhani ni kwa sababu msikilizaji wa shairi ana ruhusa ya kusema "amesema vizuri huyu", akanyanyuka, akaenda. Msomaji wa ufunuo hana ruhusa hiyo.

Ukristo ulipita njia nyingine. Yesu alizungumza Kiaramu na Injili zikaandikwa kwa Kigiriki, kwa hiyo maneno yake yalitufikia yakiwa yameshatafsiriwa. Dini inayoanza hivyo imebahatisha kwamba kuna kitu kinachovuka kutoka lugha hadi lugha kikiwa salama, na haishangazi kwamba mwaka 325, kwenye Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano wa maaskofu, ilikaa chini na kuandika kanuni ya imani: sentensi unazoweza kuzikubali au kuzikataa. Sanaa haina kitu cha namna hiyo. (Ilani za wasanii zipo, ndiyo, na kwa kawaida kazi zao nzuri ndizo zinazozivunja.)

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "dini haiwezi kusemwa kwa maneno", muulize: dini ipi, na sehemu gani yake?

Nani ana haki ya kukuambia umekosea?

Sehemu hii naikalia zaidi kwa kuwa ndiyo insha nyingi zinairuka. Ukiwa na njia ya kujua ambayo ndani yake haiwezekani kukosea, unachofanya humo ni kujifurahisha.

Watu hudhani dini ndiyo isiyokubali ukaguzi. Historia yake inaonyesha vyombo vya ukaguzi vingi, tena vikali. Imam Bukhari (810–870) na wenzake hawakupokea hadithi kwa kuwa inagusa moyo. Kila moja ilikuja na isnadi, mnyororo wa waliopokezana, na kila pete ya mnyororo ilihojiwa: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Alikutana kweli na huyo anayemnukuu? Mwisho wa kazi hadithi inaitwa sahihi, au hasan (yaani nzuri, chini kidogo ya sahihi), au dhaifu, hata kama maneno yake ni matamu kama asali. Upande wa Ukatoliki, mtawa wa Kihispania Teresa wa Avila (1515–1582) alipoanza kupata maono aliyapeleka kwa mapadri waungamishi, na baadhi yao walimwambia yametoka kwa shetani. Maandishi ya maisha yake yalipitishwa mikononi mwa mahakama ya uchunguzi wa imani. Maswali yalikuwa yale ya kawaida ya upambanuzi: yanapatana na maandiko? Yanazaa unyenyekevu au majivuno? Hakuna aliyempigapiga bega akamwambia "ndivyo unavyohisi, basi ni kweli kwako".

Sasa upande wa sanaa. Mwaka 1937 Abraham Bredius, mjuzi aliyeheshimika wa michoro ya Kiholanzi, alionyeshwa picha ya Kristo akimega mkate na wanafunzi wake Emau. Akatangaza kwa maandishi kwamba ni ya Johannes Vermeer, mchoraji wa karne ya 17, tena ndiyo kazi yake kuu. Jumba la makumbusho la Boijmans la Rotterdam likainunua na kuitundika mahali pa heshima. Mwaka 1945 mchoraji aitwaye Han van Meegeren alikamatwa kwa sababu "Vermeer" nyingine iliyopitia kwake ilikutwa kwenye hazina ya Hermann Göring, kigogo wa Wanazi wa Ujerumani. Kumuuzia adui urithi wa taifa lilikuwa kosa kubwa, basi akachagua kosa dogo: akasema picha hiyo kaichora yeye, na ile ya Emau pia. Hawakumwamini. Ikabidi achore nyingine mbele ya walinzi. Mwaka 1947 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kughushi, akafa kabla ya kukitumikia.

Kiswahili cha mitaani kina neno lililosubiri kisa hiki: usanii. Msanii ni mwenye kipaji, na msanii ni anayekuzuga. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angecheka. Yeye alisema mchoraji wa kitanda yuko hatua tatu kutoka kwenye ukweli: kuna kitanda halisi cha kifikra, kuna cha seremala anayekiiga, halafu kuna mwigo wa mwigo. Lugha yetu imefikia shtaka hilohilo bila kupitia Athens.

Ila swali lililobaki linaniumiza kichwa zaidi ya kisa chenyewe. Waliosimama kimya mbele ya picha ile mwaka 1938 walijua nini? Rangi haikubadilika mwaka 1945. Kama hisia ile ilikuwa ujuzi wa kitu kuhusu Emau, kuhusu mgeni anayetambulika pale tu anapomega mkate, ujuzi huo ulikuwepo na labda bado upo. Walichokosea ni jina na karne. Hata hivyo leo watu wengi wakiitazama picha hiyo wanaona nyuso za miaka ya 1930, sura za wacheza sinema wa enzi ile, na wanashangaa ilimpitaje Bredius. Haikumpita, yeye naye alikuwa ndani ya miaka ya 1930. Mahakama ya sanaa ni macho ya watu na muda, na haina hakimu mwenye mamlaka ya kufunga kesi. Ni polepole mno, lakini hufanya kazi.

Dini hukosea kwa namna nyingine, kwa kuwa huthubutu zaidi. Huko Marekani, William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti, alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli akapata kwamba Kristo atarudi karibu na mwaka 1843 au 1844. Wafuasi wake wakaishia kwenye tarehe kamili: 22 Oktoba 1844. Usiku ukapita, kukapambazuka. Wengi wakaondoka wakiwa wamevunjika moyo. Wengine wakarudi kwenye maandiko wakasema tarehe ilikuwa sawa ila tukio lilikuwa mbinguni, na kutoka kundi hilo likakua Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Unaweza kukisoma kisa hiki kama ukaidi. Mimi naona kwanza ujasiri: walisema hadharani jambo ambalo asubuhi moja tu ingeweza kulikanusha. Hakuna turubai lililowahi kujiweka kwenye hatari hiyo.

Kuwepo na kutokuwepo

Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Ujerumani na Italia ziliuteketeza mji wa Guernica, Hispania. Mchoraji Picasso alikuwa Paris. Hakuona moshi wala maiti. Alisoma magazetini, na ndani ya wiki chache akawa amejaza turubai lenye upana wa karibu mita 8. Ndani yake hamna bomu wala rubani. Kuna farasi, fahali, taa, mama na mtoto aliyekufa. Anayetaka idadi ya waliouawa aende kwa wanahistoria, na atakuta wanabishana. Anayetaka kujua kushambuliwa kutoka juu ni nini, turubai linamjibu, na aliyelichora hakuwepo.

Kwenye dini hiyo ingekuwa kashfa. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anawahesabu waliomwona Yesu baada ya kufufuka, na anapofika kwenye wale zaidi ya mia tano anaongeza kwamba wengi wao wangali hai. Ndiyo kusema: nendeni mkawaulize. Isnadi za hadithi zinatembea kwa mguu huohuo. Na neno letu shahidi, tulilolipata kutoka Kiarabu, ni yule aliyeona na pia ni yule aliyekufa kwa alichokiona. Wagiriki nao walitumia neno moja kwa wote wawili.

Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki ya kale, alitoa utetezi wa sanaa ambao bado sijauona ukipitwa: mwanahistoria husema lililotokea, mshairi husema lile linaloweza kutokea, na kwa hiyo ushairi uko karibu zaidi na falsafa. Msanii amesamehewa kuhudhuria. Mtume na mwanafunzi wake hawajasamehewa. Ukiwa bado hujachagua, tofauti hii peke yake inatosha kubeba insha nzima.

Baada ya kuona

Pingamizi kubwa dhidi ya msimamo wangu ni shairi moja. Mwaka 1908 mshairi Rainer Maria Rilke alichapisha shairi kuhusu sanamu ya kale isiyo na kichwa ya Apollo, mungu wa Wagiriki. Linaitazama sanamu mstari kwa mstari, kisha mwishoni kabisa linamgeukia msomaji na kumwambia huna budi kuyabadili maisha yako. Kumbe sanaa nayo hudai.

Nakubali inadai. Lakini nani atakagua? Kesho asubuhi hakuna atakayeniuliza nimebadilisha nini. Dini ina kalenda: swala tano, Sabato, Jumapili, mifungo. Kile ilichokuonyesha imekipangia ratiba, kwa kuwa inakujua kwamba ni msahaulifu. Tena ina watu watakaokuuliza ulikuwa wapi.

Hapa Kiswahili kinasema jambo ambalo wanafalsafa huhitaji kurasa kulifikia. Asiye na imani ni asiyeamini. Asiye na imani pia ni katili, mtu asiye na huruma. Neno moja linabeba unachokishika kuhusu Mungu na unavyomtendea aliye dhaifu, kana kwamba la kwanza halijakamilika bila la pili. Ladha ya sanaa haina sharti hilo. Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kulikuwa na orkestra za wafungwa, na wauaji walizisikiliza. Utasema watu wa dini nao wameua, na utakuwa umesema kweli tupu. Ila angalia tunavyowashtaki: mtu wa dini aliye katili tunamwita mnafiki. Mpenzi wa muziki aliye katili hatumwiti mnafiki wa muziki. Neno hilo halipo, maana hakuna ahadi aliyoivunja.

Kitu kimoja kilichohama

Mahali pazuri pa kuona tofauti ni kwenye vitu ambavyo vimewahi kukaa pande zote mbili. Mchoraji wa Kirusi Andrei Rublev alichora, mwanzoni mwa karne ya 15, picha takatifu ya malaika watatu waliomtembelea Ibrahimu. Wachoraji wa kabla yake walimweka Ibrahimu na Sara wakihudumia mezani. Rublev akawaondoa. Wakabaki watatu tu, na meza, na upande wa mbele ulio wazi, upande ule anaosimama mtazamaji. Kwa karne nyingi picha hiyo ilifunikwa kwa bamba la madini ya thamani na rangi za waliokuja baadaye. Mwaka 1904 ikaanza kusafishwa, mwaka 1929 ikahamishiwa jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow. Mwaka 2023 serikali ya Urusi ikaamua irudishwe kwa Kanisa la Orthodox, na wahifadhi wa makumbusho wakapinga: mbao ni dhaifu, hewa na joto la kanisani vitaiumiza.

Ugomvi huo umebeba siasa, na siasa hiyo sitaigusa. Linganisha tu madai mawili. Mhifadhi anasema: kitu hiki kikipotea, kuna jambo wanadamu hawatalijua tena, basi kiwekwe ndani ya kioo. Mwamini anasema: kitu hiki kikiwa ndani ya kioo kimeshapotea, kwa sababu kilichorwa ili mtu asali mbele yake, na anayekitazama tu hajajua kilicho ndani. Wote wawili wanazungumzia ujuzi. Nikilazimishwa kuchagua, nasimama na mhifadhi, na najua kwamba hapo nimeshachagua sanaa.

Muziki umehama kwa upole zaidi. Kazi ya mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach juu ya mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo iliimbwa Leipzig siku ya Ijumaa Kuu ya 1727, ndani ya ibada, na kati ya sehemu mbili kukawa na mahubiri. Machi 1829 mtunzi Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliiongoza Berlin kwenye ukumbi wa waimbaji, akiwa amepunguza vipande kadhaa, na mahubiri hayakuwepo. Muziki wa Bach ukafufuka duniani kuanzia siku hiyo. Kilichoondoka ni yale mahubiri, yule mtu aliyesimama katikati na kusema: wewe uliyeketi hapo, haya yanakuhusu.

Hagia Sophia ya Istanbul nitaitaja kwa mstari mmoja: kanisa mwaka 537, msikiti 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, msikiti tena 2020. Kuta zilezile.

Halafu kuna wavunjaji. Mwaka 1566 makundi ya Waprotestanti huko Uholanzi na Flanders yaliingia makanisani na kubomoa sanamu na michoro. Tumezoea kuwaona kama maadui wa sanaa. Nikiwafikiria vizuri naona waliichukulia sanaa kwa uzito kuliko mtalii anayepita makumbusho akipiga picha kwa simu: waliamini mchoro unaweza kumfundisha mtu uongo kuhusu Mungu. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulishalijibu shaka hilo kwa kutenganisha heshima, ambayo picha yaweza kupewa, na ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake.

Neno fupi kuhusu Hegel

Ukisoma mada hii kidogo utakutana na Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani. Kwenye mihadhara yake ya Berlin, miaka ya 1820, aliziweka sanaa, dini na falsafa kwenye ngazi: sanaa huonyesha ukweli kwa umbo la kuonekana, dini kwa taswira na simulizi, falsafa kwa dhana. Ngazi ni nzuri kwa aliyekwisha kufika juu. Kwa anayechagua haina msaada, kwani inakuambia mapema kwamba milango yote miwili ni vyumba vya kungojea falsafa. Ghazali, aliyeijua falsafa na kuiandikia kitabu cha kuipinga, angesema ngazi hiyo imewekwa juu chini.

Basi uchague nini

Mwanafunzi: chagua sanaa ukiwa tayari kukaa na kazi moja muda mrefu hadi ikuchoshe na kukurudia. Mifano kumi ya mbiombio haitakupeleka popote. Chagua dini ukiwa tayari kutaja dini moja, tena sehemu moja ya dini hiyo: usufi, elimu ya hadithi, upambanuzi wa maono. "Dini kwa ujumla" ni kitu ambacho hakuna mtu anayekiamini, na anayekiandika huishia kuandika hewa. Ukiwa muumini, usiogope kuchagua dini yako mwenyewe, lakini tafuta humo mahali walipokubali wamekosea na uanzie hapo. Ukiwa huamini, onyo ni lilelile, na juu yake uongeze moja: usimweleze muumini alichohisi bila kwanza kumsikiliza anadai alijua nini.

Mwenye swali la moyoni: kama unachotaka ni kuliona jambo lilivyo, bila kuharakishwa, nenda kwa sanaa. Mfiwa ambaye kila mtu anamwambia "ni mapenzi ya Mungu" kabla hajamaliza kulia anaweza kupata kwenye muziki mahali ambapo hakuna anayemsahihisha. Kama swali lako ni hatia, nakushauri vingine. Riwaya inaweza kuichambua hatia yako kwa usahihi wa kutisha, lakini hakuna mhusika ndani yake mwenye mamlaka ya kukuambia umesamehewa. Huenda hata dini haina. Hilo ndilo utakalokwenda kulijua, na hulijui ukiwa nje.

Na kama wewe ndiye yule mwanafunzi na bado umekwama, kuna njia ya tatu ambayo wasahihishaji huipenda, mimi nikiwa mmoja wao. Tafuta kitu kimoja tu kilichowahi kuhama: picha iliyotolewa altareni, wimbo uliotoka kwenye ibada ukaingia ukumbini, jengo lililobadilishiwa matumizi. Tafuta mwaka kilipohama. Andika waliokitazama kabla walidai wanajua nini, na waliokitazama baada ya hapo wakadai nini. Aya yako ya kwanza ianze na mwaka huo.